Viza ya Utalii kwa Mgonjwa wa Moyo

Mama Glori, mwenye duka, ananiita mstaafu. Tangu nilipomwambia nimepangiwa shule ya kidato cha tano na nitaondoka, kila mteja akiingia anamwambia, "Muage vizuri huyu, anasubiri mafao yake." Watu wanacheka, mimi naangalia kibodi. Nilianza kazi hapa likizo ya kidato cha pili, nikawa narudi kila shule ikifungwa, na baada ya mtihani wa kidato cha nne nikakaa moja kwa moja. Kama huo ni utumishi, basi sawa, nimestaafu.

Naandika haya kwa ajili yako wewe utakayekaa kwenye kiti changu. Mama Glori amesema ni binti wa dada yake, unatoka Geita. Sikujui, na hata tukionana najua nitasema "karibu" halafu ninyamaze, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mambo ya mshahara utaongea na mama yako mdogo mwenyewe. Mimi nakuandikia yale ambayo yakikukuta, mwenye duka akiwa hayupo, hutakuwa na wa kumuuliza. Sehemu nyingine nimeandika kwa hasira. Nimejaribu kuzifuta, zimerudi.

Siku ya kwanza nilidhani nimekuja kutoa kopi. Hii ni steshenari, nikawaza, kuna nini zaidi? Niliwaamkia wateja kwa sauti ndogo mpaka mzee mmoja akamuuliza Mama Glori kama ninaumwa koo. Mama Glori alingoja watu watoke. Akaniambia, "Milembe, mashine inajua kutoa kopi yenyewe. Wewe nimekuweka hapa uulize." Nikamwuliza niulize nini. Akasema, "Haya, umeanza."

Vifaa vyenyewe utavizoea. Skana mfuniko wake umelegea, umefungwa kwa raba ya tairi la baiskeli, usiifungue ukidhani ni uchafu. Shuka jeupe pale kona ni la picha za pasipoti, lifue Ijumaa, maana vumbi la hapa Ngokolo halina likizo. Wazee wengi wa Kisukuma hawapendi kuvua kofia mbele ya watoto. Mpe kioo, geuka kama unatafuta kitu kwenye droo, utakuta ameshaivua. Na kabla hujabonyeza kutuma maombi ya viza ya mtu, msomee kwa sauti kila ulichoandika, hata kama amekwambia ana haraka. Wote wana haraka.

Maana siku hizi kazi kubwa ya duka hili ni safari. Watu wa kwetu wanasafiri kuliko unavyofikiri. Anayekwenda Uganda, Kenya au Rwanda kusalimia hahitaji viza. Mwelekeze Uhamiaji wakampe pasipoti, au hati ya dharura ya safari kama ana haraka ya msiba. Usimfanyie kitu kingine hata akikubembeleza. Anayekwenda mbali, hapo ndipo unapochagua, kwa sababu nchi za watu zina mlango wa mtalii, mlango wa mfanyabiashara, mlango wa mgonjwa, mlango wa mwanafunzi, na mwingine wa anayepita tu kubadilisha ndege. Wote mtapanda ndege moja na kula wali mmoja. Mkishuka ndipo mnatenganishwa.

Shida ni kwamba watu wetu hawasemi wanakokwenda. Wewe umetoka Geita, sihitaji kukueleza sana. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akitangaza safari yake, watu wanasema mwamba wa dhahabu utamkimbia. Mgonjwa akitangazwa, wanasema walimwengu watammalizia. Kwa hiyo mtu mzima anaaga kwa kusema natoka kidogo, au tunakwenda kusalimia, na mwenye adabu haulizi zaidi. Nimelelewa hivyo. Baba alikuwa anakwenda machimboni Bulyanhulu, sisi kwa majirani tunasema yuko shambani. Siwacheki. Lakini fomu ya viza haina ujirani na mtu. Ukiiambia unakwenda kutembea, inakupa ruhusa ya kutembea, basi.

Wa kwanza kunifundisha hilo alikuwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Buseresere. Alitaka viza ya China. Mama Glori akanisukuma kiwiko: uliza.

"Shikamoo baba. Unakwenda kufanya nini?"

"Marahaba. Kutembea."

"Una ndugu kule?"

"Nitawapata hukohuko."

Mama Glori akaacha anachofanya. "Baba, sisi hapa siyo broka wa dhahabu. Hakuna atakayekufuata kwenye duara lako. Karatasi ndiyo inayotaka kujua."

Yule baba akaangalia mlango, akainama mpaka kofia yake ikagusa skrini. "Nakwenda kununua karasha," akanong'ona. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. "Lakini binti, usiandike kwa sauti."

Barua ya mwaliko ya kiwanda alikuwa nayo, ameikunja ndani ya soksi. Tukaomba viza ya biashara. Siku ile ndiyo nilicheka kazini kwa mara ya kwanza, nikajificha nyuma ya shuka.

Sasa kuna Kaka Deus. Utamfahamu tu, ana ofisi ya wakala wa safari karibu na stendi, bango lake lina ndege, ngamia na mnara. Kaka Deus anaijua desturi yetu ya kuficha kuliko sisi wenyewe, na ameifanya duka. Kila mtu anamwombea viza ya utalii. Mwenye mgonjwa, utalii. Anayekwenda kununua mashine, utalii. Anayekwenda kusoma, utalii, atabadilisha hukohuko. "Haina maswali," ndivyo anavyowaambia, na kwa watu wasiopenda kuulizwa hilo ni neno tamu kuliko asali. Mteja akikwama mbele ya safari, Kaka Deus anakuwa ameshalipwa na simu yake haipatikani.

Siku ya Mama Limi, Mama Glori alikuwa amekwenda Mwanza kufuata wino. Aliingia mwanaume mrefu anayeongea kwa nguvu, mwenye karasha lake huko Bulyanhulu, nyuma yake mke wake. Huyo ndiye Baba Limi, na mama ndiye Mama Limi. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja kabla hajakaribishwa. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbizwa, na miguu ilikuwa imevimba hadi mikanda ya kandambili imezama kwenye nyama. Mume wake nilikuwa nimeshamwamkia; yeye nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Akaitikia kwa mkono, pumzi haikutosha.

Baba Limi akanirushia mafaili kwenye simu ya duka. "Nitolee hizo, kila moja nakala mbili."

Nikafungua. Viza mbili za India, zimeshatoka, zote za utalii. Tiketi za ndege. Na barua ya hospitali ya hukohuko India, kwamba mama anatarajiwa kulazwa na kupasuliwa kubadilishwa vali, yaani mlango wa moyo, tarehe ikiwa imebaki kidogo tu. Chini ya barua hiyohiyo wameandika, wala siyo kwa maandishi madogo: mgonjwa aje na viza ya matibabu, na anayemleta aje na viza ya msindikizaji wa mgonjwa.

Nilisoma mara tatu nikitamani niwe nimekosea. Kama ningekuwa nimekosea ningechapisha tu, wangeondoka, nisingelazimika kufungua mdomo. Dukani alikuwepo pia kijana wa bodaboda anasubiri kopi za leseni yake. Watu watatu, na mimi hata mbele ya mtu mmoja huwa nanong'ona.

"Baba, shikamoo."

"Umeshaniamkia."

"Ndiyo. Baba, hizi viza... mnakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Na hii barua ya hospitali?"

"Ichapishe." Sauti ikapanda. "Kazi yako ni kuchapisha au kuchunguza watu?"

Yule wa bodaboda akadakia, "Watoto wa siku hizi, mzee, wanataka wajue mpaka safari za wakubwa."

Nikahisi machozi. Lakini nikamwona Mama Limi ameinamia meza ya mashine ya kopi, ameegemeza paji la uso kwenye mkono, na hasira ikanijia kutoka sijui wapi, ikayasukuma machozi pembeni. Nikasema, "Baba, mkifika na hizi hospitali haiwapokei. Wenyewe wameandika hapa. Hii viza ni ya mtu anayekwenda kuangalia majengo."

Baba Limi akampigia Kaka Deus, akaweka spika ili niaibike. Kaka Deus akacheka.

"Mzee wangu, achana na vitoto vya steshenari. Utalii haina maswali. Mkishafika kule, mama anashikwa ghafla, anakimbizwa hospitali. Nani atamkataa mgonjwa?"

Anashikwa ghafla! Nikuulize wewe unayesoma: huyo ni mtu? Mama ana barua, ana tarehe, ana daktari anayemngoja, halafu avuke bahari akajifanye ameugua njiani, kwa sababu wakala hakutaka kujaza kurasa mbili za ziada. Naandika haya na mkono bado unakaza kalamu.

Nilikuwa natafuta maneno. Mama Limi akawahi kuyapata. Aliinua kichwa, akanyoosha mkono, akachukua simu kwenye kiganja cha mume wake.

"Deus. Ni mimi mwenye huo moyo."

"Aa, mama, shikamoo, pole na..."

"Nishikwe ghafla mimi? Tangu mvua za mwaka jana silali chali. Nianguke uwanja wa ndege ndiyo nionekane naumwa?"

"Mama, hiyo ni namna ya kusema tu."

"Basi kaisemee kifuani kwako." Akamrudishia mume wake simu bila kuikata. Kisha akanigeukia, anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Mayu, andika. Naumwa moyo. Nakwenda kupasuliwa. Andika yote."

"Mama Limi," mume wake akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "watu wanasikia."

"Wasikie. Wao ndio watanipumulia?"

Kijana wa bodaboda akavua kofia. Akasema, "Pole mama," akatoka, kopi zake kaziacha. Alizifuata siku iliyofuata na hakuniangalia usoni.

Kazi ikaanza pale. Kama ulidhani unaomba viza nyingine na kuitupa ya zamani, sivyo. Kwanza ilibidi tuwaandikie barua pepe wanaozitoa kuomba zile za utalii zifutwe, tusubiri jibu, ndipo tuombe upya: ya matibabu kwa mama, ya msindikizaji kwa baba, na ya baba inategemea ya mama, kwa hiyo ya mama inatangulia. Mama Glori aliporudi kutoka Mwanza alinikuta nimekaa chini na mafaili, hakuniuliza kwa nini duka limejaa watu wasiohudumiwa. Aliangalia ile barua, akavua kitenge cha begani, akakaa na mimi.

Picha tulipiga upya. Mama Limi hakuweza kusimama mbele ya shuka, kwa hiyo nililishusha nikalifunga kwenye mgongo wa kiti. Kuisoma ile fomu kwa sauti tuliisomea nyuma ya shuka hilohilo, nilipokwisha kulirudisha kona, mimi na yeye na mume wake, na nilipofika mahali pa sababu ya safari Baba Limi aliangalia sakafu. Hakukataa lakini. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja, nakuomba uendelee. Usimuulize mtu mbele ya watu. Mwambie njoo tupige picha, mvushe nyuma ya shuka, umuulize huko: nani anakwenda kulazwa, nani anakwenda kununua, unashukia nchi gani njiani. Nyuma ya shuka watu wanasema. Nimeshaambiwa huko mambo ambayo wake zao hawajui, na sitakuandikia.

Lakini muda haukutusubiri. Jibu la kufutwa lilichelewa, tarehe ya hospitali ikapita. Hospitali wakampa nyingine, ya mbele. Zile wiki za katikati nilikuwa nazihesabu kama deni la Kaka Deus, na hakuna siku aliyoulizwa. Mama Limi alikuwa analala amekaa, ameegemea gunia la pumba lililowekwa blanketi. Najua kwa sababu binti yao Limi alikuwa ananitumia ujumbe kila asubuhi: Imetoka? Namjibu: Bado. Ananijibu: Sawa dada. Yeye ni mkubwa kwangu, ananiita dada. Hilo "sawa" nilikuwa nalichukia. Ningependa angetukana.

Katikati ya hizo wiki Kaka Deus alipita dukani na soda mkononi, anacheka kama kawaida.

"Milembe, kumbe unaongea! Nilidhani bubu. Unaniharibia wateja, mdogo wangu."

Nikaendelea kupanga kopi mezani. Mama Glori akajibu kwa niaba yangu.

"Deus, mama yako akiumwa utampeleka utalii?"

"Mama Glori, hiyo ni biashara."

"Nimekuuliza mama yako."

Akanywa soda yake, akasema yeye anawasaidia watu wasiojua Kiingereza, akaondoka. Na sitakudanganya kwamba kuna kitu kilimpata. Bango liko palepale, ngamia na mnara, na wiki hii nimemwona mama mmoja anapanda ngazi zake na mtoto mgongoni ambaye kichwa kimekuwa kikubwa kuliko cha mtoto. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikavuka. Nilimwambia yule mama neno moja tu, "Pitia na kwetu," na nikaonyesha kwa kidole kwa sababu sauti iliishia hapo. Sijui kama atakuja. Akija mimi nimeondoka, utamhudumia wewe. Mtoto ana shali ya njano.

Viza za Mama Limi na mume wake zilitoka asubuhi moja ya Jumanne, umeme haupo. Tulizichapisha kwa jirani mwenye jenereta. Siku ya kuondoka walipita dukani, gari likiwa linaunguruma nje, majirani wao wamejazana kwenye dirisha la gari wanauliza mnakwenda wapi. Nikamsikia Baba Limi anawajibu, "Dar, kusalimia." Nilikunja uso. Nikasema moyoni, yaani hata leo? Mama Limi akaniona, akatikisa kichwa taratibu: mwache.

Zilipita siku nyingi kidogo. Halafu mchana mmoja, duka limejaa wanafunzi wa kozi wanaotaka kufunga vitabu vyao, simu ya duka ikaita namba ndefu ya nje. Nikapokea.

"Binti."

Ilikuwa sauti ya Baba Limi, ila imepungua.

"Shikamoo baba. Mama anaendeleaje?"

"Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Tangu asubuhi." Nyuma yake kulikuwa na mlio wa magurudumu na watu wanaita kwa lugha nisiyoijua. "Vijana wangu wa machimbo wamepiga simu, wanauliza niko wapi. Nimewaambia natembea. Limi nikimwambia ninavyojisikia atalia. Sasa binti, sina mwingine ninayeweza kumwambia. Wewe unajua."

Nilikaa chini, palepale kwenye boksi la karatasi. Wanafunzi wakaanza kuguna, Mama Glori akawanyamazisha kwa jicho. Sikujua mtu mzima anafarijiwa vipi, tena mwanaume, tena huyu. Nilisema, "Niko hapa, baba." Kisha nikanyamaza, na yeye akanyamaza. Mimi kunyamaza nakuweza, kwa mara ya kwanza nikaona kuna mtu kunamfaa. Tulikaa hivyo, yeye India mimi Ngokolo, tunasikilizana tunavyopumua.

Baadaye nikasikia mlango, na mtu anaongea Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Baba Limi akaniambia haraka, "Mkalimani huyu. Anasema mama ametoka. Yuko hai, anaruhusiwa mtu mmoja tu kumwona. Wanauliza msindikizaji wa mgonjwa ni nani."

"Ni wewe, baba. Nenda."

Hakukata simu. Nilisikia viatu vyake, halafu nikamsikia akijibu, kwa nguvu, kila mtu kwenye korido ile asikie:

"Mimi hapa! Mgonjwa wa moyo ni mke wangu!"